Mpaka Kipindi cha Sifa Kiishe

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili.

Chumba cha nyuma cha Ogada, pale mtaa wa Rhonda, kilinuka chuma kilichoungua. Ogada, fundi wa kuchomelea mageti, alichora sakafuni kwa chaki: boma la wezi wa punda, ukuta wa mawe, kanisa la mabati upande wa pili.

"Ndani kuna punda kumi na wanne," Jepleting akasema. "Lori linafika saa sita. Kufika jioni wote ni ngozi, zinaenda kuchemshwa ziwe dawa ya kurembesha watu ng'ambo."

Mmoja wao alikuwa Malkia, aliyembebea Jepleting maji ya kuuza Kaptembwo miaka tisa. Aliibwa Alhamisi. Kwa chifu, Jepleting aliambiwa arudi Jumatatu. Mwezi uliopita yeye na wauza maji wenzake waliandamana na mabango mpaka mjini, kupinga wizi wa punda. Walipigwa picha, wakarudi nyumbani.

"Mlinzi hukaa geti la mbele," Ogada akasema. "La nyuma walilifunga kwa kulichomelea. Vyuma sita. Grinda ya kukata chuma inataka dakika ishirini, na hiyo kelele yake mnaijua."

"Ndiyo maana niko hapa." Mbugua alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lile. "Sifa zinaanza saa nne. Nikishika kinanda, hata radi hamsikii. Nitawavuta mpaka saa nne na nusu."

"Pasta akitaka kuhubiri je?"

"Pasta hungoja mimi ninyamaze."

Jepleting alimwangalia. "Kitendawili."

"Tega, mathe," Ogada akacheka.

"Anabeba mtaa mzima, na akianguka anachapwa."

"Punda!"

Mbugua hakucheka. Alikuwa kwa simu.

Saa nne na dakika tatu.

Spika zilitikisa ukuta. Grinda ikauma chuma cha kwanza. Cheche ziliruka, Jepleting akazikinga kwa leso. Cha pili. Cha tatu.

Saa nne na dakika kumi na sita. Cha nne kikaanguka.

Kinanda kikakatika, katikati ya kiitikio. Grinda ikabaki inalia peke yake, mtaa mzima ukisikia. Ogada akaizima.

"Niaje, fundi!" Mlinzi aliita kutoka ndani ya boma. "Mbugua alisema atawaachia mfike chuma cha nne, tuwanase mkikata. Mmefika?"

"Tumeuzwa," Ogada akanong'ona. "Mathe, panda pikipiki yangu twende."

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili. Mathe, hao wanakuja na rungu!"

"Basi washa."

"Watu watasikia!"

"Wasikie! Kwani mwizi hapa ni nani?"

Ogada akawasha. Kanisani watu waliinuka. Wamuyu, aliyepoteza punda wake tangu Januari, alitoka na kiti, akakipanda na kuchungulia juu ya ukuta wa boma.

"Ni punda zetu!" akapiga ukemi. "Zimefichwa huku!"

Pasta akabaki na viti vitupu. Mlinzi na wenzake wakasita walipoona umati kichochoroni.

Chuma cha sita kikaanguka. Punda wakamiminika kichochoroni, katikati ya suti na magauni ya Jumapili. Kumi na watatu. Malkia hakutoka. Miguu yake ya mbele ilikuwa imefungwa waya.

Jepleting akaingia.

"Mathe, toka!"

"Enda, Ogada! Usinifanye nikutukane leo Jumapili."

Alipiga magoti, akafungua waya kwa vidole na meno. Rungu la mlinzi lilimshukia begani. Akafungua. Rungu la pili. Malkia akaruka, akapita akichechemea, akatoka. Mikono minne ikamkamata Jepleting akiwa bado chini, mdomo una damu.

Saa tano na robo, kituo cha polisi.

Mbugua alikaa kwenye benchi la mashahidi, bado na joho la kwaya.

"Mama, unashtakiwa kwa wizi wa punda," afande akasema. "Una la kusema?"

"Andika nilikata mchana, watu wakiona. Kisha uwaite wenye punda, waje waseme nimemwibia nani."

Afande hakuhitaji kuwaita. Ua wa kituo ulikuwa umeanza kujaa sauti za wanawake, na ya Wamuyu ilikuwa juu ya zote, ikiuliza huyo mpiga kinanda ameketi wapi. Mbugua akasimama, akatafuta mlango wa nyuma.

Kituo kilikuwa na mlango mmoja.