Mkono wa Kombo

Kitangulizi kilianza kupiga dumbaki kabla Kombo hajainua mkono.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ni kisanduku cha ukubwa wa kopo la biskuti, na wanamuziki wa siku hizo walikuwa nacho mezani kama watu wa zamani walivyokuwa na redio. Kombo, mpiga ngoma hiyo, alikuwa mwezini, kwenye machimbo ya barafu. Dada yake, mwimbaji Bi Shinuna, alikuwa ghorofani Chake Chake. Mpiga fidla alikuwa Lamu. Sauti ya kutoka mwezini huchukua sekunde moja na ushei kufika, na taarabu haiwezi kumngoja mtu sekunde nzima, itapoa kama chai. Basi kitangulizi kilijifunza tabia za kila mmoja, kikakisia atakalopiga, kikalipiga kwa wakati wake. La kweli likifika nyuma, kinarekebisha palipokosewa. Fundi aliyekileta alisema kinakosea mara chache. Alisema kwa fahari, kama anayemsifu mkwe.

Kila Ijumaa baada ya swala walirekodi. Kombo hakuwa amepewa ruhusa ya kurudi kwa miaka sita, na simu ya kawaida ilikwamakwama, kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya Bi Shinuna kuwa na ndugu yake. Siku nyingine alikuwa na picha yake tu, nayo picha mbaya.

Walikuwa na mtindo wao tangu ujana. Ubeti wa mwisho Bi Shinuna humchapa Kombo kijembe kipya, ambacho hakikufanyiwa mazoezi na hakikusikiwa na mtu. Kombo hucheka, kisha hujibu kwa ngoma. Kijembe kilichofanyiwa mazoezi, alisema Bi Shinuna, ni samaki wa juzi.

Ijumaa hiyo alikitunga bafuni, na sabuni usoni:

*Wenzako huko mwezini, huelea kama vumbi,*
*Wewe wazama kitini, kwa uzito wa kitambi.*

Wimbo ukaenda vizuri hadi ubeti wa mwisho. Bi Shinuna akavuta pumzi.

Kombo akacheka.

Kilikuwa kicheko chake hasa, kile cha kuanzia puani. Dumbaki ikajibu. Na Bi Shinuna alikuwa bado hajatamka hata neno.

Akavua visikizio masikioni akaviweka mezani, na kwa mbali akasikia vikiendelea: sauti yake mwenyewe inamaliza ubeti wa kitambi, ambao yeye hakuuimba, na mpiga fidla anasema wallahi leo Bi Shinuna umetuua.

Akaenda jikoni na simu ya kawaida. Ilipopokewa hakusalimia.

"Kombo, nani kacheka?"

Swali likaenda hadi mwezini, jibu likarudi.

"Kimecheka chenyewe, dada. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Akaeleza polepole, na maneno mengine yalimezwa njiani. Mashine ya kusaga barafu ilikuwa imemla vidole vinne vya mkono wa kulia, kabla ya Ramadhani. Ijumaa ya kwanza alikaa na bandeji yake ili awaambie kuwa hatapiga tena. Kabla hajafungua mdomo dumbaki ikaanza, mpiga fidla akaisifu, na Bi Shinuna alikuwa na furaha. Akaona haya kuharibu ngoma ya watu. Ijumaa ikafuata Ijumaa.

"Mkono nauelewa," alisema Bi Shinuna. "Na kucheka je? Kucheka nako kunataka vidole?"

"Kilikuwa kinacheka vizuri kuliko mimi. Nikakiachia."

Bi Shinuna akashika ukingo wa sinki. Alihesabu moyoni vijembe vyote alivyorusha tangu Ramadhani, na akajiuliza vilimwangukia nani.

"Kiganja kimebaki?"

"Kimebaki."

"Kipige basi."

"Kitasikika vibaya, dada."

"Ulisikika vizuri lini wewe? Weka dumbaki mapajani."

Akaanza wimbo upya, mstari mmoja, akanyamaza, akangoja. Sekunde zikapita. Ndipo ikaja: pigo moja butu la nyama juu ya ngozi, limechelewa, limepotea mahali pake, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Bi Shinuna akalipokea kama lilivyo, akaimba mstari wa pili. Akangoja tena.

Kule mezani kitangulizi kilikuwa kimeanza wimbo mwingine, kwa kasi na uzuri wote, hakuna aliyekosekana. Kelele zake zilifika hadi jikoni, zikamzuia kusikia simu. Waliokiunda hawakukiwekea kitufe cha kuzimia, maana wasanii wana hasira za karibu. Akachukua sufuria la pilau, akarudi mezani na simu yake, akakifunika pamoja na visikizio vyake, kama unavyomfunika kuku mkaidi.

Sufuria likaziba mawimbi, muziki ukakatika. Bi Shinuna akaimba mstari wa tatu kwenye simu, akatega sikio kungoja kiganja.

Chini ya sufuria Kombo akauliza kwa upole, bila kukwama hata kidogo, "Dada, bado upo?"

Bi Shinuna akaziba mdomo kwa mkono.

"Nipo, Kombo," sauti yake ikajibu mle ndani. "Endelea."

Na kwenye simu kiganja kilikuwa bado hakijafika.