Kwa Nini Kidoti Alilala Garini

Siku za kazi, Baba Kidoti alikuwa seremala mkimya, mtu wa randa na msumeno. Jumamosi alikuwa hashikiki. Aliimba bafuni, akapita chumba hadi chumba akiita watu.

"Haya, amkeni! Mlima unatungoja!"

Mkewe alishona sare za shule. Wiki nzima aliinamia cherehani, kwa hiyo naye aliupenda mlima. Huko kulikuwa na msitu, vijito vya maji baridi, na hewa safi. Binti yao wa miaka saba walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake.

Gari lao lilikuwa kubwa na la zamani. Baba Kidoti alilitengenezea keria ya mbao ngumu, akaifunga juu ya paa. Ilikuwa nzito, wanaume wawili waliinyanyua kwa shida. Walipakia hema, viti na masanduku juu yake. Vitu vingine walivijaza nyuma, mpaka mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Waliufunga kwa kamba, ukabaki wazi kidogo.

"Gari linakunywa mafuta siku hizi," alisema Mama Kidoti. "Na linatoa moshi mweusi."

"Uzee huo. Hata mimi siku hizi nakula sana."

Mama Kidoti alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Safari tatu mfululizo, Kidoti alilala kabla hawajafika nusu ya njia. Akiamshwa, alitapika. Mama mwenyewe, aliyekaa nyuma na mtoto, alishuka kichwa kikimgonga.

"Ni kona za mlima," alisema mumewe. Yeye hakuumwa kitu. Aliendesha dirisha lake likiwa wazi, kiwiko nje.

 Lakini Mama Kidoti, akiwa kazini, aliwaza. Siku moja alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaukosea tena. Mtoto wangu ana nini? Aliogopa hata kulisema kwa sauti.

Jumamosi iliyofuata walifika kwenye maegesho ya msituni, mvua ikaanza kumwagika. Ilikuwa kubwa na ya baridi.

"Tungojee ndani," alisema Baba Kidoti. "Nitaacha injini iwake tupate joto."

Wakafunga madirisha yote. Injini iliunguruma polepole. Baba Kidoti alisimulia habari za mteja aliyeagiza kabati bila kupima mlango wa chumba chake. Mama Kidoti alitaka kucheka, akaona maneno yanatoka mbali. Mikono yake ilikuwa mizito. Kichwa kilianza kugonga.

Akamtazama Kidoti. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Kidoti."

Kimya.

"Kidoti, amka!"

Akamtikisa. Kichwa cha mtoto kikaanguka upande. Mama Kidoti alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye usingizini. "Baba Kidoti... mtoto..."

"Mwache alale," alijibu mumewe. Ulimi wake nao ulikuwa mzito.

Ghafla mtu akagonga kioo kwa nguvu. Alikuwa mwanamke mwenye koti la mvua la kijani, mlinzi wa msitu.

"Zima injini! Zima! Fungueni milango!"

Baba Kidoti alipapasa ufunguo, akaizima injini. Mlinzi hakungoja. Alifungua mlango wa upande wa Kidoti, akambeba, akakimbia naye hadi kwenye kibaraza cha kituo chake, penye upepo. Wazazi walimfuata wakiyumba. Mama Kidoti alianguka kwenye tope, akainuka, akaanguka tena.

"Amekufa? Niambie, dada, amekufa?"

"Anapumua. Mwite. Usiache kumwita."

Mlinzi akaita gari la wagonjwa kwa simu ya upepo. Mama Kidoti aliita jina la mwanawe mpaka koo likakauka. Baba Kidoti alisimama kwenye mvua. Mara Kidoti akakohoa. Akatapika. Kisha akalia.

"Lia, mama," alisema Mama Kidoti, akilia naye. "Lia sana."

"Amepatwa na nini?" aliuliza Baba Kidoti.

"Moshi wa gari," alijibu mlinzi. "Una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Huioni na huisikii harufu. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ukilala ndani yake, huenda usiamke."

"Lakini mtoto ameshaamka. Si tumrudishe nyumbani apumzike?"

"Hapana. Mtakwenda hospitali nyote watatu, hata anayejiona mzima."

Hospitalini walivutishwa oksijeni. Kidoti alilazwa siku mbili. Mama yake hakutoka kando ya kitanda. Kila mara mtoto aliponyamaza, aliweka kiganja kwenye kifua chake kuhakikisha kinapanda na kushuka.

Kidoti aliporuhusiwa, Baba Kidoti alirudi msituni na fundi magari kulichukua gari. Fundi alilala chini ya gari na tochi. Alipotoka, hakuwa na utani.

"Bomba la moshi limetoboka, hapohapo chini ya kiti cha nyuma."

Baba Kidoti alichuchumaa, akachungulia lile tundu.

"Na huu mlango mnaoufunga kwa kamba," fundi aliendelea, "gari likitembea, moshi unavutwa ndani. Halafu kichujio cha hewa kimeziba kwa vumbi. Injini ikikosa hewa inachoma mafuta vibaya. Inakunywa mengi, inatoa sumu nyingi. Ule moshi mweusi ulikuwa unakuambia. Tairi nazo hazina upepo wa kutosha. Na hii nyumba uliyoijenga juu ya paa, kaka?"

"Ni keria."

"Keria! Mnapandisha mlima juu ya mlima, na uzito huo nao unakunywa mafuta."

Mlinzi wa msitu alikuwa amesimama karibu. Baba Kidoti alipitisha kidole kwenye jani lililokuwa kando ya bomba la gari. Kidole kikatoka cheusi.

"Tunakuja hapa kufuata hewa safi," alisema. "Kumbe tunaichafua sisi. Na nimekaribia kumuua mwanangu. Sitakuja tena."

"Ukiacha kuja, msitu huu utaonewa uchungu na nani?" aliuliza mlinzi. "Njoo, ila uje vizuri. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto duniani. Kwa hiyo choma kidogo. Jirani zako nao si huja huku, kila mmoja na gari lake? Pandeni gari moja. Mizigo mingine iacheni, hema naweza kuwaazima. Na mkisimama, zimeni injini. Baridi ina dawa yake, blanketi."

Fundi alibadilisha bomba zima na kichujio. Alijaza tairi upepo kwa kipimo sahihi. Baba Kidoti aliishusha keria kwa msaada wa fundi, akaipasua vipande vya mbao. Mlango wa nyuma sasa ulifunga. Kila baada ya miezi michache, alilipeleka gari kukaguliwa.

Mama Kidoti ndiye aliyekawia. Miezi miwili alikataa kupanda gari lile. Jumamosi zile walitembea kwa miguu hadi kilima kilicho karibu na mtaa wao. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba fundi alikague tena, yeye akiwepo.

Wakaenda. Jirani na mkewe walikuwa ndani ya gari hilohilo, wakabishana njia nzima kuhusu nani aliyesahau chumvi. Baba Kidoti aliendesha kwa mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Walipofika, mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka nusu tu ya ulivyokuwa ukishuka zamani.

Mama Kidoti hakuutazama mshale. Njia nzima alimtazama mwanawe.

"Kidoti, kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Unasikia usingizi?"

"Mama! Umeniuliza mara kumi." Kidoti alifungua mlango, akaruka chini. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kijitoni. "Njooni basi! Mbona nyinyi wazee mnachelewa?"

Mama Kidoti alishuka, akavuta pumzi ndefu, akamkimbilia.