Jibu Lililotumwa kwa Jina la Noella

Kila siku saa kumi, baada ya masomo, Noella alipita ufukweni Kalundu, akatazama matete kama kuna kiboko, kisha akatuma jibu kwa simu ndogo aliyopewa. Kazi yenyewe haikumaliza dakika tano. Ila akina mama wa mtaa hawakushuka ziwani kuteka maji kabla ya kuuliza simu zao, na walichokisoma humo ni alichokiona Noella.

Programu iliyopokea majibu hayo na kuyapeleka kwa akina mama aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, pamoja na wenzake katika darasa la Jumamosi la Maman Consolée, kule Rugenge. Mwalimu huyo alikuwa mkali kwa mambo mawili. Kila kinachoingia kiandikiwe aina yake, kwa mfano "kiboko: bool", yaani ndiyo au hapana, na chochote kingine programu ikikatae. Tena kila mtazamaji awe na jetoni yake, mfululizo mrefu wa herufi unaoiambia programu ni nani anayetuma. Jetoni haiazimwi, alisema, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Siku moja kulikuwa na mechi ya nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, na timu ya Noella ilikuwa nyuma kwa pointi mbili. Akaona dakika tano si kitu. Akampa rafiki yake Chance simu, jetoni ikiwa ndani, aende kutazama badala yake, kisha yeye akarudi uwanjani.

Chance alirudi uso umemshuka.

"Matete yalitikisika, lakini sikuona kitu," alisema. "Miye niliandika 'labda', programu ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Basi nikaweka hapana."

Noella akaichukua simu yake. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu, na mama yake, Louise, alipanga kushuka ziwani saa kumi na nusu pamoja na Ushindi, mdogo wa Noella. Zilibaki dakika tano. Angeweza kulibadilisha jibu kimyakimya, lakini bila shaka mama alikwisha kuuliza simu, asingeuliza tena. Kumpigia mama tu kungewaacha wanawake wengine wa mtaa hatarini; Maman Consolée peke yake ndiye aliyeweza kutuma onyo kwa simu zote kwa mpigo. Kumpigia mwalimu ni kukiri, na kukiri huenda kukamtoa darasani.

Alipiga huku akikimbia.

"Maman, jibu la leo si langu. Niliazimisha jetoni yangu. Tuma onyo, nakuomba, mama yangu iko anashuka."

Consolée alisema anatuma. Alikata simu.

Noella alipofika ufukweni, Louise alikuwa ndani ya maji hadi magotini, bidoni ya kutekea maji mkononi, Ushindi nyuma yake. Akaita, upepo ukaipeleka sauti kwingine. Ndipo simu ikalia kwenye kitenge. Louise akaisoma, akamshika mtoto, akarudi nyuma polepole, bidoni ikabaki inaelea. Matete yakafunguka, kichwa kikubwa kikatokea, na bidoni ikapondwa kwa tafuno moja. Noella aliketi mchangani akalia kwa sauti.

Jumamosi Consolée aliifuta jetoni ya zamani mbele ya wote. Akakubali na kosa lake mwenyewe: asiyeona vizuri hakupewa mahali pa kusema hivyo. Darasa likaongeza jibu la tatu, "sina hakika", ambalo nalo hutuma onyo. Noella ndiye aliyeandika mistari hiyo.

Kisha mwalimu akampa jetoni mpya.

"Programu inajua kukataa neno la aina mbaya," alimwambia. "Kukataa uongo haijui. Ikiona jetoni yako, inaamini ni macho yako, na watu wanaingia majini kwa hayo macho. Mama yako iko mzima kwa sababu ulikubali kosa wakati bado kuna dakika tano."