Uzito Unatoka Upande Gani?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gereji haijafunguliwa, binti wa fundi alikuwa na kazi zake: kufagia sakafu, kupanga spana kwa ukubwa, na kupaka grisi kulabu ya winchi ya kunyanyulia injini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila alichokishika lazima akipime kwa rula. Ndiyo maana mjomba wake, aliyefanya kazi na mama yake, yule fundi, hapo gerejini, alimwita Bi Vipimo.

Jumamosi moja mambo yalimwendea kombo. Alitaka grisi ifike mpaka ndani, kwa hiyo akafungua shingo ya kulabu, pale inapozungukia, ingawa mama alishamkataza kuifungua akiwa peke yake. Beringi bapa iliyokuwa ndani, ile pete ya gololi inayoiwezesha kulabu kuzunguka, ikamponyoka. Gololi zikatawanyika sakafuni, na nne zikatumbukia mtaroni. Alizitafuta kwa kijiti mpaka mgongo ukamuuma, asizipate.

Kwenye rafu palikuwa na beringi ya gurudumu iliyoingia palepale bila hata kugongwa. Bi Vipimo hakuwa mzembe wa kuweka tu. Alifungua kitabu cha beringi, akatafuta namba iliyochapwa kwenye pete yake, akasoma: kilo mia sita na hamsini. Injini nzito kuliko zote walizowahi kunyanyua haikufika mia tano. Akaifunga, akafuta mikono, akashusha pumzi. Mama alipofika aliuliza kama kulabu iko kama ilivyokuwa.

"Ndiyo, mama," alijibu bila kupepesa macho.

Saa nne lori likaletwa. Mama alivuta mnyororo wa winchi, injini ikapanda polepole, ikaning'inia. Mjomba akachuchumaa chini yake ili afungue bomba moja lililong'ang'ania, akamwomba dada yake aigeuze kidogo. Mama akaisukuma. Kulabu ikazunguka, ikatoa mlio: ka, ka, ka.

Mama akatazama juu. Hakuujua mlio ule, akadhani ni mnyororo umekauka. Bi Vipimo alijua ni beringi aliyoiweka. Akisema, mama atajua kwamba alimdanganya, na kulabu hataigusa tena. Asiposema, pengine hakuna litakalotokea. Namba ilitosha, aliiona kwa macho yake. Lakini mlio ulikuja tena, mkali zaidi, na kichwa cha mjomba kilikuwa chini kabisa ya chuma kile.

"Mjomba, toka hapo," alisema. "Mama, beringi niliyoweka siyo yenyewe."

Mjomba alitoka akitambaa, na mama akaishusha injini taratibu juu ya matairi yaliyolazwa sakafuni, akivuta mnyororo mkono baada ya mkono, huku kulabu ikizidi kulia. Ilipotua, aliifungua kulabu. Pete ya beringi ilikuwa na ufa, na gololi mbili zikamdondokea kiganjani.

Binti akaeleza yote huku machozi yakimtoka: mtaro, rafu, kitabu.

"Lakini namba ilitosha, mama. Mia sita na hamsini."

"Namba haikukudanganya. Uliisoma nusu." Mama alichukua beringi nyingine, akaichomeka kwenye mpini wa bisibisi, akaikandamiza ubavuni. "Gurudumu linaielemea hivi. Gololi zinakaa katikati ya mfereji wa pete, zinabeba vizuri. Namba ya kitabuni ni ya uzito wa upande huu." Kisha akaisukuma kufuata urefu wa mpini. "Kulabu inavuta hivi. Gololi zinapanda ukingoni mwa mfereji. Kwa upande huu usiihesabie hata nusu. Ile bapa ndiyo iliyotengenezwa kubeba hivi. Kabla hujauliza beringi inabeba kilo ngapi, uliza uzito unatoka upande gani."

Mjomba alikuwa amekaa juu ya tairi jingine.

"Bi Vipimo," alisema, "kichwa changu hukukipima?" Alitaka kucheka, akashindwa.

Maneno hayo yalimchoma binti kuliko kipigo. Alimwendea mjomba wake, akamwomba msamaha, naye akamshika bega.

"Kuangusha beringi si ajabu," mama alisema. "Hata mimi nimeangusha nyingi. Ungeniambia asubuhi, tungenunua nyingine, yakaisha. Kilichotaka kumuua mjomba wako ni ile 'ndiyo' uliyonijibu. Humu ndani tunaingia chini ya vyuma kwa sababu tunaaminiana."

Wiki mbili Bi Vipimo hakuigusa kulabu. Jumamosi ya tatu mama alimkabidhi beringi bapa mpya aiweke, akaenda mlangoni kuzungumza na mteja. Aliporudi, aliuliza swali lilelile: je, iko kama ilivyokuwa?

Binti alikuwa amemaliza kila kitu ila kufunga.

"Njoo uangalie mwenyewe, mama, kabla sijafunga."

Mama akainama kuangalia. Mjomba, aliyekuwa akinywa chai, akaweka kikombe chini, akaja kuangalia na yeye.