Lori la Bluu na Dirisha Lililofungwa

Ukimtafuta Spana baada ya masomo, usihangaike kuuliza. Atakuwa ameshaosha vyombo, ameshachota maji na kufagia ua, na sasa amekaa mlangoni mwa chumba chake, kopo la bati katikati ya magoti, anakata. Jina hilo binti huyu alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kutambaa, kitu chochote chenye skrubu kikimkaribia hakikubaki kizima. Jina la shuleni analo, ila hata mwalimu wake hulisahau.

Spana alikuwa akiunda malori. Si yale ya kuburuta kwa kamba mpaka tairi ziishe, la. Yake yalikuwa malori ya barabarani yaliyopunguzwa kwa kipimo: kila shubiri moja ya lori la kweli ilikuwa upana wa kidole kimoja kwenye lori lake. Bodi ilitoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, fremu kwenye mbao za makreti, magurudumu kwenye soli za kandambili zilizochoka, na ekseli zilikuwa njiti za baiskeli. Turubai alilipata kwa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori yaliyochanika safarini. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, na madereva walimletea mama kazi pale pale uani.

Lori la safari hii halikuwa la kuchezea. Lilikuwa lori la baba. Baba aliliendesha lori lile la bluu tangu kabla Spana hajazaliwa, na sasa mwenye mali alikuwa ameamua kuliuza. Jumamosi baba angekabidhi funguo na kurudi nyumbani kwa basi. Kila Spana alipomwaza baba yake akishuka kwenye basi kama abiria, begi mkononi, moyo ulimuuma. Akaapa kwamba baba atakapoingia ndani atalikuta lori lake mezani: bluu ile ile, mstari mweupe ule ule mlangoni, hata lile bonyeo la kwenye bampa.

Mambo yote yalikuwa tayari isipokuwa rangi. Basi Jumatatu akaenda gereji ya jirani, kwa mzee mmoja apakaye magari rangi. Watu walimwita Fundi Rangi, na kweli hata nyusi zake zilikuwa na madoa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Spana. Leo umekuja kutufungulia nini?"

"Sifungui kitu. Naomba masalio ya bluu na nyeupe. Baba anarudi Jumamosi."

Fundi Rangi alikuwa na habari za lori lile. Hakutania tena. Akammiminia rangi kwenye vikopo viwili, akamwekea na tina kwenye chupa ndogo, ya kuilainisha. Kabla ya kuiachia chupa, akaishikilia kidogo.

"Sikiliza. Rangi ya gari haipakwi ndani ya nyumba. Paka nje, penye hewa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kuelewa si kazi. Unaahidi?"

"Naahidi, fundi."

Na alikuwa na nia ya kweli. Siku hiyo hiyo alipaka nje, kwenye kivuli cha ukuta, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo kama kawaida yake akiwa kazini. Lakini barabara ilikuwa haina habari naye. Malori yalipita moja baada ya jingine, vumbi likapanda, likatua. Rangi ilipokauka, bodi ilikuwa na chembechembe kama iliyonyunyiziwa chumvi. Spana alitaka kulia. Akachukua msasa akaikwangua yote mpaka kwenye bati.

Jumanne akabadili mpango. Adui alikuwa vumbi, na vumbi haliingii pasipo na upenyo. Akaliingiza lori chumbani, akafunga dirisha, akaloweka tambaa na kuliziba chini ya mlango. Akachanganya rangi na tina, akapaka. Ilikauka nyororo kabisa, mtu angeweza kujitazamia. Ahadi kwa Fundi Rangi ilimkereketa kidogo, lakini macho yakishapenda, moyo hauchelewi kutafuta sababu.

Chumba hicho hakikuwa chake peke yake. Alilala humo na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, mtoto wa darasa la kwanza ambaye wote walimwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyopenda kuamrisha. Bwana Mkubwa alikuwa na pumu. Ilikuwa imemtulia kwa muda mrefu, hata mama alianza kusahau kuiogopa. Na miguuni pake alilala Jivu, paka wa kijivu ambaye hakumtii mtu mwingine yeyote.

Usiku ule mtoto alikohoa mpaka akakaa kitandani. Harufu ya rangi mama aliisikia, akailaumu gereji. Lakini kikohozi alikitafutia mkosaji mwingine.

"Ni huyu paka," alisema asubuhi, akiokota manyoya kwenye blanketi. "Nimevumilia vya kutosha. Leo anaondoka."

"Jivu hajakohoa!" Bwana Mkubwa alilia. "Nimekohoa mimi! Mbona mnamfukuza yeye?"

Siku nyingine wote wangecheka. Mama hakucheka. Alimtia Jivu kwenye kikapu, akafunga mfuniko kwa kamba ya turubai, na kijana wa ghala la nafaka akaja kumchukua akakamate panya. Spana alikuwa amesimama mlangoni. Maneno yalimfika mdomoni. Alijua kwamba jana yake chumba kilijaa harufu iliyomfanya hata yeye kichwa kizunguke. Lakini akisema, rangi itachukuliwa, na lori lilikuwa bado linahitaji kupakwa rangi mkono wa pili, mstari mweupe na bampa. Akajiambia kwamba pengine ni paka kweli. Akanyamaza, na kikapu kikaenda.

Ijumaa alipotoka shule alifunga dirisha tena. Alipaka mkono wa pili, mzito kuliko wa kwanza, na tina akaongeza. Hajamaliza kusafisha brashi, mama akamwita ampelekee dereva mmoja turubai lililokwisha kushonwa. Spana akaurudishia mlango vizuri, akatoka.

Hakujua kwamba Bwana Mkubwa, tangu Jivu aondoke, alikuwa hana hamu ya mchezo. Alichoka mapema, akaingia chumbani, akajilaza upande ule aliokuwa akilala paka.

Spana aliporudi alisikia sauti kabla hajafungua mlango. Ilikuwa kama mluzi mwembamba, unaokatika na kuanza tena. Akausukuma mlango. Mdogo wake alikuwa ameketi ameinama, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Alimtazama dada yake lakini hakuweza kusema neno.

"Mama!" Spana alipiga kelele. "Mama, njoo!"

Mama alimnyakua mtoto, akakimbia naye mpaka zahanati, sindano kubwa ya kushonea maturubai ingali imechomekwa kwenye gauni lake. Spana alikimbia nyuma. Tabibu, mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, hakuuliza maswali mengi mwanzoni. Alimvalisha mtoto barakoa ya mashine ya mvuke, akamshika mgongo, akasikiliza. Walikaa hapo wakihesabu pumzi za mtoto, na Spana akaona kwamba kila pumzi ile ilikuwa kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Mluzi ulipoanza kufifia, tabibu akamgeukia mama.

"Nyumbani kuna moshi? Dawa ya mbu? Rangi, dawa kali yoyote?"

"Nyumbani hakuna, tabibu. Tulikuwa na paka, na nimeshamtoa."

"Basi vumbi la nje limemzidi. Mvuke umemsaidia. Nitawapa dawa, mrudishe nyumbani akalale chumbani mwake. Funga mlango na dirisha, vumbi lisimfikie."

Mama akaanza kumfunga mtoto shuka. Spana alikiona kile chumba: lori kwenye kiti, rangi bado mbichi, dirisha limekazwa. Akashika ncha ya shuka.

"Asirudi kule!" alisema, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama, usimrudishe kule chumbani."

"Una nini wewe?"

"Si vumbi. Wala si paka. Ni mimi. Nimepaka rangi chumbani."

Tabibu alishusha miwani yake. "Rangi gani?"

"Ya gari. Nimechanganya na tina. Leo, na Jumanne pia."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Nililifunga. Na chini ya mlango nikaziba."

Tabibu alivuta pumzi ndefu. "Ningempa dawa nzuri kisha nimrudishe kwenye hewa iliyomwangusha," alisema taratibu. "Na safari hii huenda msingewahi kufika hapa. Mtoto abaki hapa kwanza. Akitoka, asiingie kwenye chumba hicho mpaka harufu iishe kabisa."

Spana alisubiri mama amgombeze. Angeona nafuu kama angegombezwa. Mama alisema tu kwa sauti ndogo, "Na paka nimemtoa."

Asubuhi ya Jumamosi Bwana Mkubwa alikuwa anapumua vizuri, amelala chumbani kwa mama. Mama alitoka mapema kwenda ghalani. Alirudi na kikapu kitupu. Jivu alikuwa ametoroka siku ile ile aliyopelekwa, na hakuna aliyejua alikoelekea.

"Chukua hizi rangi," mama akamwambia Spana. "Mrudishie fundi kwa mikono yako, na useme kwa mdomo wako kwa nini."

Fundi Rangi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakaa juu ya tairi, akafuta mikono.

"Ulivunja ahadi, hilo ni lako," alisema. "Lakini nami nilikukataza bila kukuonyesha. Njoo uone."

Akachukua ndoo, akanyunyiza maji chini mahali pote pa kupakia magari, mpaka udongo ukatulia na kuwa mweusi. "Sisi vumbi tunalifunga kwa maji. Hatulifungi kwa mlango. Kitu kidogo kama lori lako, unapaka alfajiri kabla magari hayajaanza kupita, halafu unakifunika kwa katoni iliyoinuliwa juu ya mawe, hewa ipite chini. Na chembe mbili tatu zikiingia, si msasa upo?" Akakohoa kidogo, akasubiri kikohozi kiishe. "Mapafu hayapigwi msasa, mwanangu."

Vile vikopo alivipokea, akaviweka juu ya rafu. Alisema atavitoa siku wazazi watakapomwambia.

Baba aliingia alasiri na begi lake. Alimkumbatia Bwana Mkubwa kwa muda mrefu, maana mama alikuwa amemweleza kwamba mtoto aliugua, bila kusema kwa sababu gani. Kisha akaliona lori uani. Lilikuwa bluu, lakini halikuwa na mstari mweupe, na bampa lilikuwa bati tupu. Baba akachuchumaa. Akaigusa springi moja kwa kidole, akaliona lile bonyeo, akacheka mara moja, halafu macho yakamjaa machozi.

Spana angeweza kuyaacha mambo hapo. Hakuna aliyemsukuma.

"Baba, kabla hujalipokea, kuna jambo lazima ulijue."

Akamweleza yote, kuanzia tambaa bichi chini ya mlango. Bwana Mkubwa alikuwa kwenye mapaja ya mama, anasikiliza.

"Kwa hiyo Jivu hakunikohoza?" akauliza.

"Hapana."

"Walipokuwa wanamtia kwenye kikapu, wewe ulijua?"

Spana alitazama chini. "Nilihisi. Nikanyamaza."

Mtoto akashuka mapajani, akaingia ndani. Hakulia wala hakuamrisha mtu. Spana akaanza kulia yeye.

Baba alimwacha alie kidogo, kisha akamketisha karibu yake.

"Nimeendesha lori miaka mingi," alisema. "Gari haliharibiki ghafla. Huanza na mlio mdogo chini huko. Dereva anayetaka kufika husimama, akaingia uvunguni, akatazama. Mwenye haraka huongeza sauti ya redio. Hasikii tena mlio, lakini mlio upo, na huko mbele kuna mteremko. Kufunga dirisha hukujua madhara yake. Hilo ni kosa la mtu anayejifunza, nalo hurekebishwa. Ila uliposikia mdogo wako anakohoa, na kiumbe asiye na hatia anabeba kosa lako, hapo uliongeza redio. Ungesema siku ile, tungepoteza nini? Ningekuta lori lina vumbi. Ningelipenda hivyo hivyo."

"Nilitaka ulikute zuri, baba."

"Najua. Na zahanati ulisema, mbele ya watu, ukijua aibu ni yako. Kwa hiyo leo nimerudi nyumbani nikawakuta wanangu wote wawili. Mimi sikuhitaji lori, Spana. Nilihitaji hilo." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Sasa nenda kamwombe mdogo wako radhi. Asipokujibu leo, mwombe tena kesho. Ukweli ukicheleweshwa, mwenye kuuchelewesha ndiye husubiri msamaha."

Spana aliliacha lori pale uani, akaingia ndani.