Tanzia Iliyotangulia

Mama Dunia alikutwa ofisini kwake gazetini, sakafuni chini ya ramani yake, saa mbili na nusu asubuhi, kisogo kimepasuka. Miaka kumi na minne aliandika habari za vita na mikutano ya marais wa nchi za mbali. Gazeti zima lilijua kwamba kila pini nyekundu kwenye ramani ile ni mtu: mkalimani, dereva, muuguzi aliyemficha chumbani kwake. Majina yao aliyajua yeye na mhariri wake, basi.

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Pilipili, aliwaka kabla hajavuka kizingiti. Mlangoni alimkuta mzee mlinzi keshafungwa pingu.

"Nani kaamuru?"

"Mkuu wa kituo, afande," alijibu askari. "Zamu ya usiku ilikuwa yake peke yake."

"Na mimi nimekuja kupiga picha?"

Mzee akainua mikono iliyofungwa. "Mwanangu, macho yangu hayaoni maandishi. Yule mama ndiye aliyekuwa akinisomea gazeti. Nimuue, anisomee nani?"

Simu ikalia. Alikuwa Mkuu mwenyewe. "Pilipili, usinichimbie mambo ya nje. Saa sita namtangaza mlinzi."

"Mtangaze, afande. Saa sita na dakika moja nitakukanusha."

Alikata simu, akaingia ndani.

Mtaalamu wa uchunguzi alikuwa amepiga magoti. "Pigo moja, kwa ile tuzo ya kioo. Imefutwa alama za vidole. Akaangukia meza, damu hii hapa kwenye kibodi. Lakini hakufa palepale. Alijikokota."

Inspekta alifuata michirizi hadi ukutani. Ngumi ya marehemu ilifumbata pini moja nyekundu. Juu, kwenye ramani, tundu lilikuwa tupu: mji mdogo wa mpakani.

"Hapo alikuwapo mkalimani wake," alisema dada wa mapokezi, mwanamke ambaye hata kilio hakikuweza kumfunga mdomo. "Wiki mbili zilizopita watu wa serikali ya kule walimtoa nyumbani, yeye na mkewe, wakawapiga risasi. Jana Mama Dunia kaniambia, 'Mdogo wangu, kuna mtu humu ndani kalitoa jina.' Maskini! Afadhali wamemwandikia tanzia nzuri. Soma."

Inspekta akaichukua simu ya dada, akasoma. Tanzia ilitoka kwenye tovuti ya gazeti saa tatu kamili, dakika tano baada ya polisi kufika. Maneno mia tisa. Mstari mmoja ukamsimamisha: *Amekutwa mezani pake, kichwa kimelalia kibodi, kama askari aliyefia zamuni.*

"Kaandika nani?"

"Balozi. Mhariri wetu wa kimataifa. Tunamwita hivyo kwa sababu hata chumvi anaiomba kama anayesaini mkataba."

Balozi aliletwa akiwa na tai iliyonyooka.

"Pole, Inspekta. Tumepoteza nyota."

"Nyota imeandikiwa tanzia kwa dakika ngapi?"

Akatabasamu. "Ndiyo kazi yetu. Tanzia za wakubwa tunaziandaa mapema. Anayekwenda vitani naye yake inakaa tayari. Hata yangu ipo."

"Mwili umeuona?"

"Hapana. Nimefika, mmeshafunga chumba."

"Jana uliondoka lini?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Nani kakwambia alikuwa mezani?"

"Wafanyakazi."

"Wafanyakazi wamemkuta sakafuni."

Balozi akailegeza tai. Fundi wa kompyuta wa gazeti akageuza skrini. "Mstari wa meza umeongezwa jana, saa kumi na mbili na dakika ishirini za jioni. Kwenye kompyuta ya Balozi."

"Na mlinzi anaingia zamu saa moja!" Inspekta alipiga meza kwa kiganja. "Ulimwacha ukidhani amekufa, ukaenda kuandika. Hukuweza kujizuia, eh? Uliogopa gazeti jingine litakutangulia!"

Balozi alikaa bila kukaribishwa. Sauti ya mikataba ilimtoka yote.

"Miaka ishirini naweka nukta kwenye safari za wenzangu. Yeye apande ndege, yeye apewe tuzo. Ubalozi wa nchi ile ukaniahidi ofisi ya habari kule, nyumba, gari, jina langu mlangoni. Walitaka jina moja tu. La mtu wa mbali, ambaye hapa hakuna anayemjua!"

"Yeye alimjua."

"Jana akaniwekea makala mezani. Jina langu ndilo kichwa cha habari. Kanipa hadi asubuhi nijiuzulu. Nilimbembeleza. Akanipa mgongo."

"Ukampiga hapohapo kisogoni. Simama!"

Inspekta alitoka hadi mlangoni, akamfungua mzee pingu kwa mkono wake, akarudi kumfunga nazo Balozi, akizikaza tundu moja zaidi. Kisha akampigia Mkuu. "Saa tano bado, afande. Badilisha hotuba."

Dada wa mapokezi alikuwa ameishika simu kama inamuunguza. "Hii tanzia tuifanyeje?"

"Ifuteni. Andikeni alifia chini ya ramani, akijikokota kwenda kwa mtu wake."

"Na jina la mkalimani? Yeye alilificha miaka yote."

Inspekta alitazama lile tundu tupu.

"Limeshatolewa na mshenzi, na wenye jina wameshakufa. Sasa litoeni nyinyi, lake na la mkewe, ukurasa wa kwanza. Na jioni mje kumsomea mzee."