Gari Lilipoacha Kulia

Eustakia alilisikia gari kabla hajamwona mwenye gari. Laiti angeyafuata masikio yake siku ile, angedandia lori, akafika kwao Nyamiaga salama, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa mpakani Rusumo, saa za kufunga ofisi. Foleni ya malori imeanzia darajani na mwisho wake hauonekani, madereva wamekaa chini ya matela wanakunywa chai, wabadilisha fedha wanagombea wateja. Eustakia, karani wa wakala wa forodha, alikuwa ametoka kazini na sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa, blauzi ya rangi ya maziwa, viatu vya kisigino mkononi na ndala miguuni. Ndipo likaja gari dogo jeupe la abiria, yale ya kizamani wanayoyaita mchomoko, likikoroma kwa chini kama jiwe la kusagia ulezi. Dereva alipobadili gia, likapiga ukelele hadi mbuzi wa mtu wakaruka.

"Dada, Ngara hiyo! Ingia, siti ya mbele nimekuwekea wewe."

"Siti ya mbele ya gari gani? Hilo linalokata roho?"

"Halikati roho. Linaimba."

"Basi linaimba nyimbo za matanga."

Kijana akacheka mpaka akaegemea usukani. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake la drafti limepigwa pasi kama anakwenda kanisani. "Naitwa Ndassa. Kwetu Nyakahura, huko Biharamulo. Wasukuma wa kuhamia. Na wewe nitajie jina, gari likizima njiani nijue nimwombe nani msamaha."

Mwingine angekasirika. Eustakia alicheka, akapanda. Mapenzi ndivyo yalivyo, jamani, yakikuingia hata kelele unaziona utani.

Na kweli wakapendana. Jioni Ndassa anampitia ofisini, usiku simu hazikauki, mara amelala, mara amekula, mara amemwota. Lakini kila walipopanda pamoja, Eustakia alikuwa na tabia ya kukunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Gia ya tatu ilikuwa inalia, na kwenye matuta mkono wa gia ulitetemeka peke yake. Baba yake alikufa kwenye mteremko mrefu, ukishatoka Benaco kuelekea Nyakahura. Gari la abiria lilikataa gia, likashuka na watu wote. Eustakia alikuwa darasa la tano. Tangu hapo mama yake hakuwahi kuupita mteremko ule ndani ya gari dogo, hata kwenye misiba.

"Mpenzi," alimwambia usiku mmoja kwenye simu.

"Naam, malkia wangu."

"Gari umelipeleka kwa fundi?"

"Nitalitengeneza."

"Ulisema hivyohivyo Pasaka, Ndassa."

"Fundi Danstan alishalifungua. Anasema beringi zimekwisha na meno ya gia yameliwa. Inatakiwa giaboksi nyingine. Kasema nisishuke nalo mlima."

"Na pesa si ulisema umetenga?"

Ndassa akakohoa. "Nilitenga. Halafu nikapita mnadani, mama, nikaona mtamba. Yaani mtamba mzuri huyo! Nikasema huyu ndiye wa kwa kina Eusta."

Sasa utamfanya nini mtu kama huyo? Kwao mwanaume anayetaka kuoa anahesabu ng'ombe kwanza, mengine baadaye. Kila alichokiweka kwa ajili ya giaboksi kilikuwa kimeota pembe, kinakula majani Nyakahura. Eustakia alitaka kufoka, akajikuta anatabasamu gizani. Kisha akakumbuka la kusema, na tabasamu likaisha.

"Sikiliza. Baba mdogo Telesfori hapokei posa mpaka akaone kwenu. Anakuja na mama. Mama yangu hapandi gari linalolia, Ndassa, sababu unaijua. Na baba mdogo ana neno moja tu, mwongo haoi kwake. Litengeneze. La sivyo, basi tena, usinipigie."

Simu zikakatika. Ndassa hakupiga, na Eustakia kwa kiburi hakupiga. Alikonda. Ofisini akawa anakosea majina ya wateja. Akajiambia kwamba mwanaume kamchagua ng'ombe, na kwamba heri amejua mapema.

Halafu jioni moja simu ikaita. "Toka nje, usikilize."

"Nisikilize nini? Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho."

Akatoka. Gari jeupe lilikuwa mlangoni, linanguruma taratibu, laini. Ndassa akaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi kinyumenyume. Kimya. Eustakia alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia mbele ya madereva wote wa foleni, nao wakapiga honi.

"Danstan kalitengeneza?"

"Si unasikia mwenyewe?"

Aliulizwa swali, akajibu kwa swali. Mwanamke mwenye macho yake angeliona hilo. Lakini Eustakia alikuwa ameyafumba, anamnusa shingoni.

Siku ya safari mama alivaa kitenge cha maua ya zambarau na kilemba chake cha harusi za watu. Alisimama mlangoni pa gari, mkono juu ya mlango, asiingie wala asirudi.

"Panda, mama," Eustakia akasema. "Nimelisikiliza mwenyewe. Limepona."

"Wewe ndiye unayesema?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Mama akapanda. Baba mdogo Telesfori, na koti lake la suti, akakaa mbele. "Shikamoo, mzee," Ndassa akasema. "Marahaba. Nenda polepole, sisi hatuna haraka ya kufika mbinguni."

Kadiri walivyokwenda, harufu ikaanza kupanda kutoka chini ya miguu, tamu, nzito, ya kitu kinachopikwa hadi kuungua. Mama akafungua dirisha. Eustakia alidhani kuna abiria wa jana alisahau mzigo. Alimtazama Ndassa kwenye kioo, akaona jasho linamtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Benaco wakasimama, baba mdogo anunue soda za kuwapelekea wenyeji. Mama akabaki ndani anasali. Eustakia alishuka kunyoosha miguu, na mama mmoja muuza ndizi akamfuata Ndassa akicheka, beseni kichwani.

"Dereva! Reo hununui zire mbivu za kurisha gari?"

Ndassa akamkonyeza anyamaze. Amechelewa. Eustakia akamshika mkono, akamvuta nyuma ya kibanda.

"Gari linakula ndizi?"

"Eusta..."

"Linakula ndizi, Ndassa?"

Akasema, macho yake chini. Kuna dereva wa zamani alimfundisha. Unamenya ndizi mbivu kabisa, unaziponda na unga wa mbao, unazisukumia ndani ya giaboksi pamoja na oili. Zinajaza penye uwazi, kelele inakufa. Wanaouza magari mabovu ndivyo wanavyofanya. "Danstan hajui. Ningemwambia angeninyang'anya funguo. Mpenzi, inatufikisha. Tukirudi nauza mtamba mmoja, naapa."

"Ulisema limepona."

"Sikusema. Wewe ulisema."

Ilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Alichungulia kando ya kibanda, akamtazama mama yake kupitia kioo cha gari, midomo inacheza, rozari mkononi. Akamtazama baba mdogo anakuja na kreti ya soda, anatabasamu, mtu ambaye hatabasamu hovyo. Neno moja tu, na posa imekufa hapohapo kando ya barabara, na Ndassa amekwenda. Alijua mteremko uko mbele. Alijua nani amelala chini yake. Alijiambia: ni safari moja. Atashuka taratibu. Mungu yupo.

"Vipi, wanangu, mbona mmenuna?" baba mdogo akauliza.

"Hamna kitu, baba mdogo," Eustakia akasema. Akafungua mlango, akaingia.

Mteremko ulianza kwa upole, kama unavyoanza siku zote. Ndassa alikuwa gia ya tatu. Mbele yao lori la saruji lilikuwa linashuka kwa kujikongoja. Ile harufu tamu ikageuka moshi. Chini ya sakafu kitu kikagonga mara moja, kikavunjika, na mkono wa gia ukachomoka wenyewe ukalala pembeni. Ndassa akaukamata, akausukuma. Haukushika popote. Gari likapata wepesi wa kutisha.

"Nini hiyo?" mama akasema. "Eustakia, nini hiyo?"

Ndassa alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Zilishika kidogo, zikaanza kunuka, kisha pedeli ikazama hadi mwisho. Akavuta hendibreki. Tela la lori likawa kubwa kwenye kioo. Mama hakupiga kelele. Aliliita jina la mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita chakula kipo mezani. Ndassa akakata usukani kushoto, ubavu wa gari ukasaga ukuta wa udongo, mawe, vichaka, tena udongo, hadi tairi la mbele likaanguka mtaroni na kila kitu kikasimama.

Walitoka mmojammoja kupitia mlango uliofunguka. Baba mdogo alikuwa amepasuka nyusi, damu imeingia kwenye kola. Mama alikosa kiatu kimoja. Chini ya gari oili nyeusi ilikuwa inachuruzika, na ndani yake vipande vya ndizi vilivyoiva kwa moto.

Telesfori aliinama, akachukua kidogo kwa kidole, akanusa. Alikuwa mtu mzima, hakuhitaji kuelezwa. "Nani alijua?"

"Mimi," Ndassa akasema haraka. "Mimi peke yangu, mzee. Eustakia hakujua lolote."

Yule mzee akafuta kidole kwenye majani. "Umefanya upumbavu. Ila hukumtupia mwenzio mzigo. Mtu wa hivyo anaweza kufundishwa."

"Mwanangu angejua," mama akasema huku anamfuta Eustakia vumbi usoni, "asingenipandisha."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa, jamani. Kunyamaza tu. Posa imerudi mlangoni, mchumba kasamehewa, mkono wa mama bado uko shavuni. Ndassa alimtazama kwa macho ya kumsihi.

"Nilijua, mama," Eustakia akasema. "Aliniambia pale Benaco. Nilijua, nikaingia na wewe."

Mkono ukatoka shavuni. Mama alirudi nyuma hatua moja, akamtazama binti yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Telesfori akavaa kofia yake. "Mimi nafika Nyakahura, hata kwa miguu. Wazazi wake wamechinja, hawana kosa. Nitakula, nitashukuru, halafu nitawaambia hakuna posa." Akaanza kushuka.

Lori lililokuwa linapanda likasimama, dereva akaita kama kuna wa kusaidiwa. Mama akapanda bila kuaga.

"Kwa nini umesema?" Ndassa alikuwa analia waziwazi. "Eusta, tulishavuka!"

"Tungevuka na uongo huu, na mwingine, na mwingine. Wewe unaficha, mimi nanyamaza. Siku moja siti ya nyuma tungepakia watoto."

"Nikija Nyamiaga kwa miguu? Bila gari, bila ng'ombe?"

"Njoo," akasema. "Ila ukija, uanzie kwa mama. Mimi sina cha kukusamehe, tulikuwa wawili."

Alimshika vidole, akaviachia, akapanda lori. Mama alikuwa amekaa katikati ya siti, anatazama barabara mbele. Eustakia alisimama kwenye ngazi, mlango uko wazi, dereva anasubiri. Hakuthubutu kuomba. Mama akasogea, kidogo tu, bila kugeuka, na Eustakia akakaa kwenye hiyo nafasi.